Fungua Manyoya Uone Ngozi

Wiki hii, kwenye saluni yetu ya mbwa, mteja alituletea mbwa wake mdogo, jike mweupe mwenye manyoya yanayoburura sakafuni. Alikuwa amemwogesha mara tatu ndani ya siku saba, maana usiku kucha alikuwa akijikuna na nyumba nzima haikulala. Ukimtazama kwa juu, alipendeza. Tulipomweka mezani na kuyafungua manyoya ya kwapani, tukakuta unga mweupe umegandia kwenye mashina ya nywele, na chini yake ngozi nyekundu iliyokauka hadi imeanza kupasuka. Mteja alidhani ni mba. Tuliulowesha unga ule kwa maji ya uvuguvugu, ukatoa povu. Ilikuwa sabuni.

Tunalisimulia hili kwa idhini yake, na wala hakuwa mzembe. Alikuwa akihangaika kumsaidia mbwa wake. Tatizo ni kwamba manyoya marefu yanaficha ngozi, na watu wengi wanatunza kile wanachokiona. Manyoya yanang'aa, basi mbwa anahesabiwa mzima. Kumbe kinachowasha kiko chini kabisa.

Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya kwetu na haina asidi nyingi kama yetu. Ndiyo maana shampuu ya binadamu haimfai, hata ile ya watoto wachanga ambayo watu huiamini sana. Inaondoa mafuta yanayozuia unyevu usitoke, ngozi inakauka, mbwa anajikuna, mwenyewe anaona kumbe bado ni mchafu, anamwogesha tena. Kwa mbwa mwenye manyoya marefu mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu povu linajificha kwapani, kwenye kinena na katikati ya vidole, na maji ya haraka haraka hayafiki huko.

Kwa hiyo kabla hujamwogesha tena, mkalishe penye mwanga na ufungue manyoya kwa vidole, sehemu moja baada ya nyingine: tumboni, kwapani, nyuma ya masikio, juu ya mkia. Mba mkavu unaopukutika kama vumbi mara nyingi ni ukavu wa kawaida. Ngozi yenye mafuta, inayonuka kama kitu kilichochacha, imeshapata fangasi au bakteria, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Ukikuta punje nyeusi, ziweke kwenye tishu nyeupe iliyoloweshwa. Zikiacha doa la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, maana ndani yake kuna damu aliyonyonywa mbwa.

Hapo wateja wengi hutuambia, "Lakini sijaona kiroboto hata mmoja." Huenda kweli hujaona. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huumwa mara chache tu akajikuna siku kadhaa, na kwa kujilamba na kujing'ata huwa amekwisha kuwala wale ambao ungewaona. Mayai nayo hayakai mwilini. Yanaangukia kwenye matandiko, zulia na makochi, na huko ndiko waliko viroboto wengi kuliko walio juu ya mbwa. Dawa ya viroboto ikimhusu mbwa mmoja tu, huku paka wa nyumba hiyo hakupewa yake na matandiko hayakufuliwa, wiki chache baadaye mnarudi mlipoanzia. Paka apewe dawa ya paka, kamwe asipakwe ya mbwa, kwani nyingine humuua.

Angalia pia anapojikuna. Kiunoni kuelekea mkiani, anza kushuku viroboto. Akilamba nyayo, akijisugua uso na masikio yakiwa mekundu, huenda ni mzio wa vitu kama vumbi, chavua au chakula. Kingo za masikio na viwiko vikiwa na magamba, na wewe mwenyewe umeanza kuwashwa, wahi kwa daktari: upele wa utitiri hupita kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu.

Sasa kuoga kwenyewe. Mchane kwanza, akiwa mkavu, tabaka kwa tabaka hadi kitana kifike chini. Manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza zaidi, huvuta ngozi na kushika unyevu, na chini yake vidonda huanza bila mtu kujua. Usiyakate kwa mkasi: ngozi huwa imevutwa ndani ya fundo, na tumepokea mbwa waliokatwa namna hiyo. Maji yawe ya uvuguvugu unaoelekea ubaridi, kwani ya moto huongeza mwasho. Shampuu iwe ya mbwa, yenye oti ni nzuri kwa ngozi kavu, nayo iachwe mwilini dakika 10 hivi. Kisha suuza mpaka maji yatoke masafi, halafu suuza tena. Kama kuna hatua moja tunayotaka uibebe kutoka hapa, ni hiyo ya kusuuza mara ya pili. Mkaushe kwa kumkandamiza na taulo bila kumsugua, na draya iwe na upepo wa baridi.

Wengine hutuomba tumnyoe mbwa kipara ili "ngozi ipumue". Mara nyingi tunakataa. Manyoya humkinga na jua, na kuyaondoa hakuondoi kinachowasha. Tunanyoa pale mafundo yamezidi, au daktari anapotaka kufikia vidonda.

Tafadhali usimpake mafuta makali ya mimea, hasa ya mti wa chai, yana sumu kwake. Krimu za nepi nazo nyingi zina zinki, na chochote utakachompaka atakilamba. Mafuta ya samaki ndani ya chakula yanasaidia ngozi, ila daktari akupe kipimo kwa uzito wake, na uwe na subira ya miezi miwili au mitatu. Ukihisi chakula ndicho chanzo, usikibadilishe kila wiki. Jaribio la chakula linahitaji angalau wiki 8 bila hata kipande cha kuonjeshwa mezani.

Kwetu, mbwa anayewashwa haingii majini moja kwa moja. Tunamfungua manyoya mwili mzima mbele yako, tunakuonyesha tulichokiona na kukuandikia. Tukikuta kidonda kinachotoa maji, manyoya yaliyonyofoka, harufu au masikio machafu yanayomuuma, hatumwogeshi. Tunakwambia uende kwa daktari kwanza, hata kama ulikuja kwa kuoga tu.

Yule mweupe tulimsuuza kwa maji matupu mara mbili, tukamkausha taratibu. Ngozi ya mbwa huchukua kama siku 21 kujijenga upya, kwa hiyo tumemwomba mteja amchane kila siku na asimwogeshe kwa wiki tatu, ila mwasho ukizidi asisubiri, aende kwa daktari. Akirudi, tutaanzia pale pale kwapani.