Kiungulia na tumbo kujaa: wapi pa kubonyeza na wapi pa kuacha

Wateja wengi wanaofika kwetu kwa akupresha, yaani kubonyeza sehemu maalumu za mwili kwa vidole, wakisema "nina asidi" huwa na moja kati ya shida mbili. Kuna kiungulia, ule moto unaopanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, hasa ukiinama au ukilala. Na kuna tumbo kujaa: gesi, kucheua kila mara, chakula kukaa palepale. Huwa tunauliza kwanza ni ipi, maana kinachomfaa mwenye gesi kinaweza kumzidishia mwenye kiungulia.

Umio unapoingia tumboni kuna msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, tindikali inapanda. Ukila ugali wa kushiba saa tatu usiku na saa nne uko kitandani, msuli huo unasukumwa kutoka chini usiku kucha. Akupresha haiufungi. Wala haitibu vidonda vya tumbo, hata kama umeambiwa hivyo kwingine: vingi husababishwa na bakteria wa H. pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na bakteria hafi kwa kubonyezwa. Tafiti zimeonyesha faida zaidi kwenye kichefuchefu. Kwa kiungulia ushahidi bado ni mdogo. Ichukue kama nafuu ya kusindikiza matibabu.

Vipimo vyote hapa ni vya vidole vya anayebonyezwa. Ukimbonyeza mtoto kwa kipimo cha vidole vyako, umeshakosea mahali.

Anza na mkono. Geuza kiganja kitazame juu, kisha laza vidole vitatu vya mkono wa pili (cha shahada, cha kati na cha pete) juu ya kifundo, cha pete kikigusa mkunjo. Chini ya kidole cha shahada, katikati ya kano mbili, ndipo Wachina wanapopaita Neiguan. Kunja ngumi kidogo kano zijitokeze. Wapo wanaoonekana na kano moja tu, hao watumie mstari wa katikati ya mkono. Bonyeza kwa kidole gumba dakika 1 hadi 2 kila mkono, ukizungusha polepole na kutoa pumzi ndefu. Unatakiwa kusikia maumivu mazito, ya kuvumilika. Vidole vikianza kuwasha kama umeguswa na umeme, umebana mshipa wa fahamu: punguza nguvu. Sehemu hii unaweza kuibonyeza hata umetoka kula sasa hivi.

Mguuni ni Zusanli, ya kujaa na kukosa hamu ya kula. Kaa na goti limekunjwa, shuka vidole vinne chini ya pia ya goti, kisha toka upana wa kidole kimoja upande wa nje wa mfupa wa ugoko. Inua unyayo huku kisigino kikiwa chini: msuli ukituna chini ya kidole, umepapata. Dakika 2 au 3 kila mguu. Wanaolalamika kwamba hawasikii chochote mara nyingi wanabonyeza mfupa.

Tumboni ndiko watu wanakoharibu. Zhongwan iko katikati ya kitovu na ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Mtu amekula, kifua kinawaka, analala chali na kulikandamiza tumbo. Hapo ameisukuma tindikali juu kwa mikono yake mwenyewe. Subiri angalau saa 2 baada ya kula, egemea mito, kunja magoti, tumia vidole vitatu vilivyolala na nguvu kidogo, kila unapotoa pumzi. Ukisikia mapigo makali chini ya vidole, acha. Mjamzito, mwenye ngiri na aliyefanyiwa upasuaji karibuni wasiguse tumbo kabisa. Mjamzito pia aepuke pale kati ya kidole gumba na cha shahada, na juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani.

Hata ubonyeze vipi, ukilala umeshiba utaamka unaungua. Zipite saa 3 kati ya kula na kulala, lalia ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja kiuno na kulibana tumbo. Magadi hutuliza upesi lakini huongeza gesi, na chumvi yake haimfai mwenye presha. Baadhi ya dawa za presha, amlodipini mojawapo, nazo huweza kuulegeza ule msuli. Muulize daktari, usiache dawa mwenyewe.

Hospitali kwanza, kwetu baadaye: choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu. Kifua kinachobana na kuuma hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho, ni dharura ya moyo mpaka daktari aseme vingine.

Siku ya kuja, kula kidogo na mapema, zipite saa 2. Vaa nguo inayopanda juu ya goti, na uje na dawa zote unazotumia tuzione kabla hatujakugusa.