Barua ya wazi kwa vijana wa soka la ndondo, ngumi na jogingi: jino lililong'oka bado lina uhai

Wanangu wa Temeke, Manzese, Mwananyamala na kote mnakoamkia mazoezini,

Salaam. Magoti na vifundo vya miguu vina wasemaji wengi. Begi la timu halikosi bandeji wala dawa ya kuchua, lakini jaribu kukuta pakiti ya maziwa humo! Nami ndiyo ninayoitaka.

Mpira wa juu, wawili wanaruka, kiwiko kinatua mdomoni, jino la mbele liko mchangani. Hapo mwenzenu hupelekwa pembeni asukutue, na jino hutupwa, au hufungwa kwenye karatasi akamwonyeshe daktari. Karatasi ndiyo inayoliua. Mzizi umevikwa nyuzi laini zenye chembe hai, ndizo zilizokuwa zikilishika jino kwenye mfupa. Zikikaa kavu huanza kufa ndani ya dakika chache, na saa ikipita hazina tena msaada. Jino likirudishwa baada ya hapo, mfupa huugandamania mzizi na kuula polepole, mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo litafuteni upesi. Lishikwe kwa upande mweupe unaoonekana mtu akicheka, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kwa maziwa au maji safi, sekunde kumi zinatosha. Msilisugue, msilitie sabuni, msilifute kwa jezi. Kisha lirudisheni kwenye tundu lake, uso wake ukitazama mbele kama jirani zake, ang'ate kitambaa safi kulishikilia, na safari ya kwa daktari wa meno ianze hapo hapo. Atalifunga kwenye meno ya jirani kwa wiki mbili hivi, na kwa mtu mzima atautibu pia mzizi. Mkumbusheni mwenzenu aulizie sindano ya pepopunda.

Mkiogopa kulirudisha, na wengi huogopa, litumbukizeni kwenye maziwa baridi ya kawaida, si mtindi. Msiliweke kwenye maji: hayana chumvi, chembe zile huyafyonza mpaka zikapasuka. Maziwa yakikosekana, mwenye jino ateme mate kwenye kikombe safi, lizame humo. Jino la utoto halirudishwi kamwe, maana chini yake kuna la ukubwani linaloweza kuumia. Na aliyepoteza fahamu au anayeweweseka msimtie kitu mdomoni. Huyo ni wa hospitali kwanza, jino lifuate kwenye maziwa.

Mabondia, kinga za meno mnazo, ila nyingi zinacheza mdomoni. Ile ya kuchemsha na kung'ata huharibiwa siku ya kwanza kwa haraka. Maji yakishachemka yaepueni, ndipo muitumbukize kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi nusu dakika. Ikizidi inajikunja, ikipungua haishiki umbo. Ichovye kidogo kwenye maji baridi usiungue, ipachike meno ya juu mbele ya kioo, ng'ata, fyonza hewa kwa nguvu, sukuma kwa ulimi ndani na kwa vidole nje ya mdomo. Halafu maji baridi. Ukiachama ikadondoka, rudia. Ukilazimika kuibana kwa meno isitoke, hiyo ni mzigo, haikukingi. Ioshe kwa maji ya baridi na sabuni, ihifadhi kwenye kijaluba chenye matundu, na usiiache juani. Kuazimana, hapana. Ndondo nako sheria inadai kinga ya ugoko tu, ya meno haidai. Kipa na beki wa kati wangevaa hata bila kudaiwa.

Jogingi hakuna viwiko, kuna enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Ukikimbia unahema kwa mdomo, mate yanakauka, na mate ndiyo yanayozimua asidi na kulirudishia jino madini yake. Vinywaji hivyo vina asidi kali, na vingi vina sukari juu yake. Ubaya mkubwa uko kwenye kunywa fundo moja kila baada ya dakika tano, maana kila fundo linaanzisha upya shambulio. Mazoezi ya chini ya saa moja maji yanatosha kabisa. Ukiitaka hiyo enaji, imalize kwa mkupuo na chakula, kisha sukutua kwa maji. Maji ya limau ya kupunguza tumbo yamo kwenye kundi hilohilo, samahani kwa wanaoyaamini.

Baada ya asidi msikimbilie mswaki. Enameli imelainika, mtaisugua itoke. Ngojeni walau nusu saa. Bora kupiga mswaki kabla ya kutoka, kwa dawa yenye floridi, na povu litemwe bila kusukutua ili floridi ibaki kazini. Mkaa na chumvi achieni jikoni.

Wanyanyua vyuma, mkisaga meno kwenye kila mnyanyuo magego yatapata nyufa. Toeni pumzi wakati wa kusukuma, taya litalegea lenyewe. Na mwenye meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ayavue kabla ya filimbi, ayakabidhi kwa mtu wa benchi ndani ya kikopo chenye maji. Yakivunjika mdomoni, kipande huweza kuingia kooni.

Mzee wenu,
Dar es Salaam