Ukope haukunjwi saluni

Ndugu Mhariri,

Picha za kope (ngozi inayofunika jicho, si nywele zake) “zilizokunjwa” zinazozunguka kwenye simu za vijana wetu hapa Unguja zinaonyesha kabla na baada tu. Katikati, yaani upasuaji wa daktari, hakuna.

Watu wengi wa Asia Mashariki huzaliwa na ukope wa juu usio na mkunjo, wala si kasoro. Upasuaji wa kuutia mkunjo ulielezwa na Mjapani Mikamo mwaka 1896. Kwa njia ya uzi, uzi hupitishwa kwenye matundu madogo; kovu halionekani sana, ila uzi huweza kulegea na mkunjo ukapotea. Njia ya kukata huanza kwa mstari, kwa kawaida milimita 6 hadi 8 juu ya nywele za kope. Mgonjwa huchomwa ganzi lakini halazwi usingizi, maana katikati ya kazi huambiwa: fumbua, fumba, fumbua tena. Hapo ndipo daktari huona kama macho yamelingana. Mstari ukipanda mno, mtu huonekana kashtuka daima, na kuushusha ni kazi ngumu kuliko kuupandisha. Nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Uvimbe wote kuisha ni miezi, si wiki (arusi isubiri).

Anayemeza aspirini amwambie daktari mapema. Baada ya upasuaji, jicho likiuma sana, likatokeza na kuona kukafifia, huenda damu imejikusanya nyuma yake: asikande, asingoje kuche, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Wauguzi wa macho,
Mjini Unguja