Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Tupeni siku saba kabla ya muhtasari

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,

YAH: KIKAO CHA KAMATI YA SHULE AMBACHO HAKIKUWA KIKAO

Shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu, mwingine la sita. Kazi yangu ni kushona sare. Huu ni mwaka wangu wa pili katika kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Jina la shule sitalitaja, wala la mwalimu mkuu, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu. Ukiwa na subira ya kusoma hadi mwisho utaona kwamba wa kushitakiwa, kama yupo, ni kalenda, na kalenda hiyo inapangwa huko kwenu wilayani.

Ilikuwa Juni mwaka jana, Alhamisi jioni. Nikiwa kwenye cherehani akaja mtoto wa darasa la nne na kikaratasi: kikao cha dharura, kesho saa mbili asubuhi. Nikaenda. Tulifika wajumbe sita. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati, alifungua daftari kubwa akatuonyesha pa kusaini. Muhtasari ulikuwa umekwisha kuandikwa. Kufungua kikao, kupitisha agenda, mjadala, maazimio, mengineyo, kufunga kikao, vyote vimo. Hata saa ya kufunga ilikuwemo, saa tano na robo, na sisi hata kwenye viti tulikuwa hatujakaa. Ukurasa wa pili ulisema kwamba baada ya majadiliano ya kina, wajumbe waliridhia kujengwa kwa matundu manne ya vyoo vya wasichana nyuma ya darasa la saba.

Nikauliza, kwa nini nyuma ya darasa la saba? Mwalimu aliniangalia kwa uchovu, si kwa hasira. Akasema fedha zimeingia Jumanne. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Amepigiwa simu kwamba zisipotumika zitarudi, na muhtasari unatakiwa wilayani leo hii kabla ya saa nane. Bodaboda ya kumpeleka ilikuwa inamsubiri chini ya mwembe, na nauli anaitoa mfukoni mwake. Tukasaini. Nami nilisaini, sijifichi.

Sasa nikueleze habari za nyuma ya darasa la saba. Mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu anajua kwamba pale maji ya masika hutuama. Kabla shule haijapanuliwa, watu walilima mpunga pale, na mpunga haulimwi mlimani. Mwalimu mkuu alihamia kwetu Januari ya mwaka uleule, kwa hiyo masika aliyoyaona ni mamoja tu, tena yalikuwa hafifu. Wajumbe wawili wazee walijua. Mmoja hakupata kikaratasi, alikuwa shambani. Mwingine alikuwepo, akasaini kama mimi. Baadaye nilipomuuliza mbona alinyamaza alinijibu, "Mwanangu, niliona imeshaandikwa, nikajua serikali imeshaamua."

Jibu hilo limenikaa rohoni kuliko hasara yenyewe. Mzee yule ndiye aliyekuwa na habari ambayo ramani ya mhandisi haikuwa nayo. Tulimwita, akaja, akakaa mita hamsini kutoka mahali penyewe, na daftari likamfunga mdomo.

Shimo lilichimbwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, na fundi alifanya kazi yake vizuri, milango ikapakwa rangi ya bluu. Machi mvua zilipokolea, maji yakaingia shimoni hadi yakafika juu. Wiki ya pili yakaanza kutoka na vilivyomo. Vyoo vimefungwa kwa waya mpaka leo. Wanangu wote wawili ni wasichana, Ndugu Mkurugenzi. Mkubwa alianza kukataa chai ya asubuhi. Nilidhani anaumwa, kumbe hataki kunywa kitu kitakachomlazimu kwenda chooni kabla ya kengele ya mwisho.

Mwongozo wa serikali unaujua kuliko mimi: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu ina wanafunzi kama 600, nusu kwa nusu. Kwa hesabu hiyo tunahitaji matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Tunayo tisa kwa jumla, pamoja na hayo manne yaliyofungwa kwa waya. Shule yenye upungufu wa namna hiyo haina tundu la kupoteza.

Najua lawama hii ina jibu jepesi, kwamba kamati ilisaini. Ni kweli, na ndiyo maana ninaandika. Saini zetu zina nguvu ya kukukinga wewe usilaumiwe, lakini hazikuwa na nguvu ya kuzuia choo kujengwa kwenye jaruba la mpunga. Saini ya namna hiyo inamlinda nani? Si mtoto, kwa kweli.

Kamati za shule hazikubuniwa ziwe muhuri. Zimo katika Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM, ulipoanza mwaka 2002, kamati ndizo zilizokabidhiwa kazi ya kupanga na kusimamia fedha za ruzuku na ujenzi wa madarasa. Marehemu baba yangu alikuwa mjumbe wakati huo. Ninakumbuka wakibishana mpaka giza linaingia kuhusu mchanga utoke mto gani. Sisemi enzi zile hapakuwa na wizi, maana ulikuwepo, na madarasa mengine ya wakati ule yana nyufa za kupitisha mkono. Ila mabishano yalikuwepo, na mtu aliyejua mchanga wenye chumvi alipata nafasi ya kusema.

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, ruzuku inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hilo lilikuwa jambo jema, fedha hazizunguki tena kwenye meza nyingi. Ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zije shuleni na 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu ya shule ya watoto 600: inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, nauli za mwalimu mkuu kuja kwako, vyote humohumo. Fedha ndogo namna hiyo ndiyo inayohitaji macho mengi, kwa sababu ukikosea mara moja mwaka umekwisha.

Nigusie na suala la chakula, kwa sababu yanakwenda pamoja ingawa kwenye makaratasi yamewekwa mafaili mawili. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 unasema wazi kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Wazazi wengi hawajausoma. Wanachokumbuka ni kwamba elimu ni bure, na kwamba Januari 2018 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alipiga marufuku walimu kuchangisha. Basi kamati ndiyo inayotumwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuomba mahindi na maharage. Mwaka jana nilisimama mimi. Mzee mmoja akauliza mbele ya watu: "Zile za choo mlitusomea?" Sikuwa na la kusema. Hatukuwasomea, maana hata sisi hatukusomewa. Siku ile tuliondoka na ahadi chache sana, na watoto wakakaa na njaa muhula mzima, kwa sababu ya fedha ambazo hazikuhusiana na mahindi hata kidogo.

Muhula uliofuata mwalimu wa taaluma alibandika ukutani orodha ya mahindi debe kwa debe, nani ameleta, yamepikwa siku gani, yamebaki mangapi. Hakuna aliyemwagiza. Wiki ya tatu wazazi walikuwa wanasimama pale getini wanasoma majina, wengine wakicheka, wengine wakirudi nyumbani kimyakimya kuleta debe lao. (Aibu nayo ina kazi yake, tusiidharau.)

Utaniambia kamati nyingine ni mzigo. Nakubali. Wako wajumbe wanaokuja kwa ajili ya soda, na ukiwaambia hakuna posho ya kikao hawaonekani tena. Wako wenyeviti wanaotaka fundi awe mjomba wao. Na walimu wakuu wana kero zao: siku hizi hata manunuzi ya shule yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioanza kutumika mwaka 2023, na kwetu ili mtandao ushike lazima mtu apande kilima au aende mjini. Mwalimu wetu amekesha mara ngapi kwenye duka la stesheneri huko mjini, mke wake ndiye anayejua. Kumwongezea mtu huyo vikao virefu ni kumwonea, ikiwa muda wenyewe haupo.

Kwa hiyo ninachoomba ni muda. Siku saba. Kati ya siku fedha za mradi zinapoingia kwenye akaunti ya shule na siku ofisi yako inapodai muhtasari, zipite siku saba kamili. Na ujumbe wa simu anaotumiwa mwalimu mkuu kumjulisha fedha zimeingia, mtumieni pia mwenyekiti wa kamati na mtendaji wa kijiji, saa ileile, kiasi kilekile, kazi ileile. Halafu mhasibu wako, anapopokea muhtasari, adai na nakala ya barua ya wito. Akiona wito ni wa jana na kikao ni cha leo, aurudishe. Mara mbili tatu akirudisha, daftari litaanza kuandikwa baada ya kikao, kama nilivyofundishwa mimi kwamba kitambaa hukatwa baada ya mtoto kupimwa.

Najua jibu la Juni: siku saba zitatoka wapi, mwaka wa fedha ukiwa unafungwa? Hapo ndipo ninapokuomba ufungue faili moja zaidi. Kila shule huandika mpango wake wa maendeleo na kuuleta kwenu. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na Baraza la Madiwani kabla mwaka wa fedha haujaanza. Maana yake ofisi yako inajua shule ipi imetengewa vyoo na ipi madawati miezi mingi kabla shilingi haijatoka. Fedha zinaweza kuchelewa, hilo halipo mikononi mwako. Lakini eneo la kujenga halihitaji fedha ili lichaguliwe. Tungeambiwa Septemba, tungetembea kwenye uwanja wa shule na wazee, tungechimba futi mbili tatu kwa jembe tuone udongo, na Juni ingetukuta tumeshaandika kwenye daftari mahali penyewe, kwa mwandiko wetu na kwa saa ya kweli ya kufunga kikao.

Sikuombi ufanye uchunguzi, wala sitaki mwalimu mkuu ahamishwe. Tafadhali, usimhamishe. Sasa ndiyo anaanza kuyajua masika yetu, na akija mwingine tutaanza upya.

Juni nyingine imefika mlangoni. Wiki iliyopita nimesikia dukani, si kwenye kamati, kwamba shule yetu imo kwenye orodha ya ukarabati wa madarasa mawili. Kama ni kweli, tuambiwe leo ni madarasa yapi na ni kiasi gani. Na kuhusu vile vyoo vinne, naomba mhandisi wako aje kabla vuli haijaanza, aangalie kama shimo linaweza kuokolewa au tuchimbe upya upande wa juu, karibu na nyumba ya mwalimu, ambako kuna changarawe. Mzee niliyemtaja yuko tayari kumwonyesha. Huamka mapema na hupatikana nyumbani hadi saa tatu asubuhi, baada ya hapo mtamkuta shambani.

Wako katika kulijenga taifa,

Mjumbe wa kamati ya shule, mwakilishi wa wazazi