Barua kwa mwanangu: punje za njano katika mahindi meupe

Lubumbashi

Mwanangu Ilunga,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mama yako hajambo, wadogo zako wazima, bukari ipo. Umeuliza kuhusu picha za mavuno nilizokutumia huko Bukavu: kwa nini masuke meupe yana punje za njano hapa na pale, na kama aliyetuuzia mbegu alitupunja. Hapana. Mbegu ilikuwa safi, ila punje zile baba yao ni mwingine.

Jirani yetu wa barabara ya Kipushi alipanda mahindi ya njano, yakachanua pamoja na yetu. Upepo ukaleta chavua yake.

Kila unywele unaotoka kwenye suke umeshikana na punje moja tu. Chavua ikitua juu yake huota mrija unaoshuka ndani ya unywele, hata sentimita 20 na zaidi, kwa muda wa siku moja hivi. Mrija umebeba seli mbili za kiume, na jambo ninalolipenda kuliko yote ninayofundisha ni kwamba zote mbili zina kazi. Ya kwanza huungana na yai, kikapatikana kiinitete, yaani mmea wenyewe. Ya pili huungana na viini viwili vya seli ya katikati, ikapatikana endospemu, ule wanga tunaousaga. Kwa hiyo kiinitete kina seti mbili za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, endospemu ina tatu: mbili za mama, moja ya baba. Rangi ya njano hukaa kwenye endospemu. Tazama picha tena utaona njano yetu imepauka kuliko ya jirani, maana kwake zote tatu ni za njano, kwetu ni moja tu.

Sergei Navashin, mtaalamu wa mimea wa Urusi, ndiye aliyeueleza muungano huu wa mara mbili mwaka 1898, akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi, na Guignard wa Ufaransa akafuata 1899. Kabla ya hapo wakulima waliziona punje za rangi ngeni, wasielewe baba ameingiaje hadi kwenye chakula cha mtoto.

Ukipata shamba linalochanua, fanya hivi. Kata suke lenye nywele za siku chache, pasua maganda taratibu bila kuzing'oa nywele, kisha lishike kwa kitako ulitikise. Nywele zilizokwisha kufanya kazi huanguka zenyewe. Zile za mayai ambayo hayajarutubishwa hubaki zimeng'ang'ania. Mara nyingi utazikuta nchani, kwa sababu nywele za kitakoni hutangulia kutoka na za nchani huja mwisho, pengine chavua imekwisha. Jua likiwa kali wakati huo, ncha hubaki kibogoyo. Usiwaache wakulima waseme ni wadudu.

Punje za njano tumezitenga, zitaliwa, hazitapandwa, maana kiinitete chake nacho ni nusu ya jirani. Mbegu nimechagua katikati ya shamba, mbali na mpaka wake. Nimekubaliana naye kwamba Novemba atangulie kupanda, mimi nifuate baada ya wiki tatu. Mvua za mwisho zitanibana kidogo, lakini nakubali.

Niandikie ukishalitikisa hilo suke.

Baba yako