Kwa vijana wa kwaya na bendi mnaoitaka shahada ya muziki

Wanangu wa kwaya, wa bendi za tarumbeta, wa vikundi vya taarabu, na nyinyi wapiga vinanda wa Jumapili,

Marahaba. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia, swali huwa lile lile: "Mwalimu, sauti ninayo, je, chuo watanipokea?" Kupokelewa ndiyo sehemu nyepesi. Kwenye kumaliza ndiko watu hukwama, na wengi wao kipaji wanacho tele. Wanachokosa ni noti za stafu, yaani zile zinazoandikwa kwenye mistari mitano, na hesabu ya saa zao. Hayo mawili ndiyo nitakayoyakalia. Mengine nitayapita mbiombio.

Tuanze na mlango. Kwa Tanzania, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unataka ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kama kiwango cha chini, au C na E. Lakini hicho ni kiwango cha jumla. Kila programu ina mstari wake kwenye kitabu cha mwongozo, na huo ndio wa kusomwa neno kwa neno, maana baadhi hutaja masomo yanayohesabiwa. Anayetoka na stashahada, kwa mfano ya TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, anahitaji GPA (wastani wa alama zake za chuo) ya 3.0 au wastani wa B, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Watu hujisahau hapo: stashahada nzuri mkononi, kidato cha nne kina D tatu tu. Rudia mtihani kwanza, usipoteze ada ya maombi. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Usipothibitisha unabaki unaning'inia. Mkopo ni safari nyingine kabisa: unaombwa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au kwa mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Jambo hilo lifanyeni miezi kabla, foleni ya mwisho haina huruma. Ndugu zetu wa Kenya wanajua la kwao, wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Aliyefanya somo la Muziki lenye karatasi tatu, za vitendo, usikivu na nadharia, ameshatangulia hatua nyingi.

Sasa saa. Shahada ya miaka mitatu hapa kwetu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Watu huisoma hesabu hiyo na kuipita. Ikalieni. Krediti 60 za muhula ni saa 600, na muhula wa wiki 15 unakupa saa 40 kwa wiki. Chukua somo la ala lenye krediti 12: saa 120, sawa na 8 kila wiki. Mwalimu utakaa naye saa moja. Saba zilizobaki ni zako na ala yako, saa moja kwa siku, wiki nzima, bila kusubiri mtu akukumbushe. Atakayezirundika zote Jumamosi hafiki popote, kwa sababu vidole na midomo hujifunza kwa kurudia kidogo kidogo na kulala katikati. Saa hiyo moja igaweni: dakika 10 za skeli (ngazi ya sauti) kwa metronomu, kile kifaa cha kupigia mwendo, 10 za kusoma noti ngeni papo kwa papo, 30 za kipimo kimoja au viwili (vipande vya wimbo kati ya mistari ya wima) vinavyokusumbua, na 10 za mwisho ndizo za kupiga wimbo mzima. Wengi hufanya kinyume. Hupiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho mara nane, na kosa lile lile linapigwa mara nane. Huko ni kulifanyia kosa mazoezi. Kipimo kigumu kishushwe hadi nusu ya mwendo, kipigwe bila kosa mara tano mfululizo, ndipo metronomu ipande alama nne.

Nakuja kwenye solfa, ile do, re, mi ya kwaya. Walimu wengine wa chuo huwavunja moyo watoto wa kwaya kana kwamba solfa ni ugonjwa wa kutibiwa. Si kweli. Mfumo ule, alioukuza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, ulijengwa kwa ajili ya sikio, na anayeusoma vizuri tayari anajua kila sauti inataka kwenda wapi. Mwanakwaya huyo anapoingia darasa la imla ya muziki, la kusikia na kuandika, huwaacha mbali wenzake waliojifunza kinanda kwa kuangalia vidole. Tatizo lipo kwingine: solfa haikuonyeshi herufi ya noti, haikuonyeshi kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, kwa mtazamo mmoja (kodi za kinanda, si za TRA), na muziki wa ala haujaandikwa humo. Chuoni karibu kila karatasi utakayopewa ni stafu.

Daraja la kuvukia ni fupi, na kanuni zake ni chache. Kwenye alama za ufunguo, zile za mwanzo wa stafu, sharpi (alama ya kupandisha noti nusu sauti) ya mwisho upande wa kulia ni ti. Ukiona F na C zimewekewa sharpi, C ndiyo ti, kwa hiyo do ni D. Flati (alama ya kushusha nusu) ya mwisho ni fa. Ukiona B na E zina flati, E flati ni fa, teremka hadi do, utaangukia B flati. Ikiwa wimbo ni wa huzuni na unatulia kwenye la, hiyo la ndiyo nyumba, na "se" mliyozoea kuiimba ni sol iliyopandishwa nusu. Kwa urefu wa sauti, nukta mbili za solfa hutenganisha pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato huligawa robo, na kistari hurefusha. Kwenye stafu kazi zote hizo hufanywa na umbo la noti yenyewe. Basi chukueni tenzi ambazo kwaya yenu inaziimba bila kitabu. Nakilini sauti ya kwanza kwenye stafu, kesho yake besi, kisha alto na teno, halafu linganisheni na kitabu chenye noti. Tenzi mbili kwa wiki, kwa wiki 12, ni tenzi 24. Anzeni na C, F na G, ndipo muende D na B flati. Msiruke besi. Mtu anayesoma ufunguo wa juu tu, wa soprano na alto, atazama kwenye somo la hamonia, la kupanga sauti zinazoimbwa pamoja, wiki ya pili.

Mnaotaka kujipima kabla ya kwenda, mitihani ya nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ni kipimo kizuri. Daraja la 5 lina alama 75, na kufaulu ni 50. ABRSM wenyewe huliweka kama geti: huruhusiwi mtihani wa ala wa daraja la 6, 7 wala 8 bila kupita hapo au sifa inayolingana nayo. Silazimishi mtu kulipia mtihani. Lakini asiyeweza kufanya karatasi ya mazoezi ya daraja la 5 na kupata hizo 50, mwaka wa kwanza utamchosha bure.

Wapiga vinanda, nawajua. Mnapiga kila kitu kwenye C au F na kile kitufe cha transpose kinawahamisha, mkono wa kushoto umeshika kodi tatu na mashine inapiga ngoma na besi. Ibada inaenda vizuri na sina ugomvi na hilo. Chumba cha mtihani kina piano yenye vibonye 88 vizito na haina kitufe hicho. Zimeni transpose leo. Pigeni wimbo mmoja mnaoujua katika funguo zote 12, mmoja kwa juma, bila mdundo wa mashine, besi mkiitembeza wenyewe. Vidole vitalalamika mwezi wa kwanza, kwa sababu kibodi ya vibonye 61 vilaini haijawahi kuvipa kazi. Wa tarumbeta, ulizeni mapema ala yenu inasomwa vipi: mtu aliyelelewa kwa mtindo wa bendi za Kijerumani husoma sauti halisi, ilhali karatasi za okestra na bendi nyingi humwandikia mpiga tarumbeta ya B flati sauti moja juu. Ukichanganya, unakuwa nje ya wenzako wimbo mzima, tena kwa ujasiri.

Hamonia ya sauti nne ndiyo inayoangusha watunzi wa kwaya, na inawauma kwa sababu nyimbo zao zinapendwa. Wamezoea kutunga kwa kufuata sauti ya kwanza: soprano ikipanda, zote zinapanda. Besi ikiwa do na teno sol, kisha zote zikaenda re na la, hizo ni tano sambamba, yaani sauti mbili zilizoachana hatua tano zikisogea pamoja, na msahihishaji wa zoezi la mtindo wa Bach, mtunzi wa Kijerumani, atachora mstari mwekundu. Sababu ni kwamba katika mtindo ule kila sauti inapaswa kusikika kama mtu anayejitegemea, na sauti mbili zikienda hivyo moja humezwa. Dawa ni kuiandika besi mara tu baada ya soprano, na kuielekeza kinyume chake pale inapowezekana. Ti isipewe sauti mbili. Soprano na alto zisiachane zaidi ya oktavu (do hadi do ya juu), wala alto na teno. Lakini msitoke darasani mkiamini nyumbani kwenu wanakosea. Wagogo wa Dodoma huimba kwa nne na tano sambamba kwa makusudi, na uzuri wa uimbaji wao uko hapo hapo. Kanuni ni ya mtindo fulani, na mwanafunzi mzuri hujua anaandika mtindo gani kabla ya kushika kalamu. Vivyo hivyo mtu wa taarabu: sauti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu), iko katikati ya mi na mi flati, na piano haina sauti hiyo. Usiilazimishe kwenye kibonye kilicho karibu. Iandike kwa alama yake na ueleze.

Waimbaji, jihadharini na mazoezi ya kwaya ya Jumatano, Ijumaa, Jumamosi na misa mbili za Jumapili juu ya masomo ya sauti. Nyuzi za sauti huota vinundu kwa matumizi ya namna hiyo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo, tangawizi haitoshi. Na mwombeni kiongozi wa kwaya ruhusa mapema, kwa heshima, kuliko kutoweka kimya kimya.

Mwaka wa tatu kuna tasnifu, na mara nyingi ni ya muziki wa jamii fulani. Barua ya utambulisho ya chuo hupitia ngazi za serikali hadi ofisi ya kijiji, nayo huchukua wiki, kwa hiyo iombwe kabla ya likizo. Rekodini kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, lililowekwa 48 kHz na biti 24. Saa moja ya stereo hula takriban GB 1, nunueni kadi ya kutosha na muweke nakala mbili mahali tofauti. Rekodi iliyopitia WhatsApp imebanwa, na sauti za juu za zeze au marimba hupungua humo. Katika kunakili, kosa kubwa ni kuandika 3/4 (mapigo matatu) muziki ambao ni 6/8 (mapigo makuu mawili), kwa sababu mtu amehesabu makofi peke yake. Tazama miguu ya wachezaji, pigo kuu liko huko. Na wazee waliokuimbia wanastahili ridhaa yao iandikwe, majina yao yatajwe wakitaka, na nakala irudishwe kwao.

Kuhusu alama: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, huhesabu daraja la kwanza kuanzia GPA ya 4.4, la pili la juu kuanzia 3.5, la pili la chini kuanzia 2.7, na kupita ni 2.0. GPA hukatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi juu, kwa hiyo 3.47 ni 3.4. Kila gredi huzidishwa kwa krediti za somo lake, na ndiyo maana kupuuza somo la ala lenye krediti 12 kwa ajili ya kuokoa la krediti 8 ni hasara. Tena somo la kundi, kwaya au okestra ya chuo, alama zake hutokana na kuwepo mazoezini. Ukilikosa muhula mzima, hakuna karatasi ya marudio itakayokurudishia.

Kabla hujajaza fomu, piga simu idarani, iwe Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Chuo Kikuu cha Makumira au kwingine, na uulize mambo manne. Ala yangu ina mwalimu mwaka huu, au imeandikwa tu kwenye kitabu? Kuna usaili wa vitendo, na unataka nyimbo ngapi? Vyumba vya mazoezi hufungwa saa ngapi? Anayenipigia piano kwenye onyesho la kuhitimu ni wa idara, au nimtafute na kumlipa mwenyewe? Hilo la mwisho wengi huliuliza wiki mbili kabla ya onyesho, wakati mpiga piano mzuri keshachukuliwa na wenzao sita.

Maswali ya stafu na hamonia yaleteni kwangu baada ya mazoezi, na madaftari yenu mkononi. Ya mkopo pelekeni Bodi.

Ni mimi mwalimu wenu mzee wa muziki.