Eka tatu zipimwe kabla hazijauzwa vipande

Mhariri,

Kila yanapozungumzwa makaazi, habari huwa ni maghorofa mapya. Yanahitajika, lakini hayatoshi. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Tukikadiria watu 5 kwa nyumba, kwa ongezeko hilo tunahitaji nyumba zaidi ya 11,000 kila mwaka. Nyingi hujengwa na wananchi wenyewe, tofali kwa tofali, na kinachowakwaza ni kiwanja.

Ardhi ipo kwenye zile eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi. Mji unapozifikia, mwenye eka hukata vipande akauza kimoja kimoja kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa. Kila mnunuzi hujenga hadi mpakani, kikabaki kichochoro. Gari la zimamoto halipiti, wala la kunyonya vyoo. Shimo la choo huchimbwa karibu na kisima cha jirani, na mwamba wetu wa matumbawe una mianya, hauchuji maji machafu. Njia ya mvua nayo huzibwa kwa misingi, masika watu wakahama. Baadaye Serikali hulipa fidia kubomoa ili ipitishe barabara ambayo ingepita bure.

Serikali imuwahi mwenye eka. Eka 3 ni kama mita za mraba 12,140. Ukitoa asilimia 30 kwa barabara, mitaro na uwanja wa watoto, hupatikana viwanja 28 vya mita 15 kwa 20. Mwenyewe abakiwe na 18 vyenye hati; 10 viuzwe, fedha zake zifungue barabara na kulaza mabomba. Hapati hasara, maana kiwanja chenye hati na barabara kina bei nzuri kuliko kipande.

Pagumu ni hapa: shamba moja la eka tatu peke yake halipimiki vizuri, kwa sababu barabara lazima iungane na ya jirani. Yapangwe mashamba kumi kama hayo yanayopakana kwa pamoja. Itatokea eka ya mmoja imeliwa nusu na barabara kuu na ya mwengine haikuguswa, kwa hiyo mgao ufuate ukubwa wa eka aliyoingiza mtu, si mahali ilipo. Hilo lisipoandikwa na kusainiwa kabla ya kuwekwa bikoni (alama ya mpaka) ya kwanza, kazi itaishia mahakamani.

Mpimaji aanze na miinuko ya ardhi ili ijulikane maji yanakoelekea, ndipo achore barabara. Mabomba yalazwe kabla ya kugawa viwanja; ukigawa kwanza, utakuta msingi umeshamwagwa juu ya njia ya bomba.

Na michoro ya nyumba ya ghorofa moja itolewe bure. Zege la sakafu ya juu ya chumba cha mita 4 kwa 4, unene sentimita 15, lina karibu tani 6, na msingi wa nyumba ya chini uliojengwa kwa kubahatisha hauwezi kuongezewa mzigo huo.

Chake Chake na Wete zianze sasa, kabla mashamba ya pembezoni hayajakatwa. Ramani zibandikwe ofisini kwa kila sheha, na sheha asisaini mauziano ya kipande kilichoangukia barabarani au kwenye njia ya maji.

Wapima ardhi,
Unguja